Maswali ya gari: buti la sivi jointi limechanika kwenye van ya umeme, nifunge tyubu au nibadilishe?

Mvua zikishakolea huku nyanda za juu kusini maswali yanahamia chini ya gari, na safari hii nimeyaweka pamoja ya wenye van za umeme za kusambazia bidhaa kwasababu yamegusa kitu kimoja, sivi jointi, yaani kile kiungio cha shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi, na buti lake, ule mpira wa mikunjo unaokifunika. Kuna wanaoambiwa gari ya umeme haishikiki na fundi wa kawaida, kuna wanaofungiwa mpira wa tyubu wakaambiwa nenda tu. Yote mawili sikubaliani nayo kabisa, na kwanini nitaeleza humu humu kwenye majibu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni dereva wa van ya umeme hapa Mbeya, tunasambaza mikate na maziwa asubuhi, Uyole, Mwanjelwa, Soweto mpaka Mbalizi, na siku za soko nashuka Tukuyu. Juzi naosha gari nikakuta rimu ya mbele kushoto kwa ndani imejaa grisi nyeusi, mpaka shokapu imerukiwa, kuchungulia naona mpira wa sivi jointi ya upande wa tairi umechanika karibu nusu duara. Mlio hamna. Fundi wa kwanza kasema anafunga na tyubu nitapiga kazi mpaka mwisho wa mwezi, wa pili kasema nitafute shafti nzima ya mtumba, wa tatu hakutaka hata kuinama anasema hizi gari zina shoti. Bosi anauliza kama inaweza kusubiri. Nifanyeje? Dereva, Uyole.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuangalia ndani ya rimu, madereva wengi wanaosha upande unaoonekana na watu. Nianze na bosi wako maana yeye ndo mwenye hela, mwambie haisubiri. Buti ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mguu ule lakini ndo linalotunza vya bei kubwa, linashika grisi ndani na kuzuia maji na mchanga visiingie. Ndani ya jointi ya nje kuna gololi sita zimeshikwa na kikapu cha chuma, zinatembea kwenye mifereji iliyokatwa kwa vipimo vikali sana, na hizo gololi ndo zinafanya tairi likate kona huku linaendelea kusukumwa kwa mwendo ule ule bila kudunda. Mhandisi Alfred Rzeppa aliibuni hii ya gololi sita miaka ya 1920 na mpaka leo gari nyingi za petroli na za umeme zinatumia mpango huo huo. Kwahiyo yule fundi wako wa tatu jointi anayoiogopa ameshaifungua mara nyingi sana kwenye gari zingine, hajui tu kwamba ni ile ile.

Sasa buti likichanika, kila tairi likizunguka grisi inarushwa nje na tope linanyonywa ndani. Ile grisi iliyobaki ikichanganyika na mchanga inakuwa msasa, gololi zinajisaga zenyewe. Na tope la kipindi hiki njia ya Tukuyu unalijua vizuri kuliko mimi. Ukiwa huna mlio maana yake bado uko kwenye dirisha la kuokoa jointi yenyewe, ukianza kusikia ka-ka-ka kwenye kona dirisha limefungwa, utanunua buti na jointi na bado utalipa ufundi ule ule.

Kwa van ya umeme kuna mambo yanayoongeza haraka. Chukua mfano wa Nissan e-NV200, mota yake iko mbele na inavuta tairi za mbele, ina kilowati 80 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 254, na toki hiyo inapatikana pale pale unapokanyaga, haisubiri injini ichangamke. Gari ya petroli nayo gia namba moja inazidisha nguvu, hilo kweli, ila klachi au giaboksi ya otomatiki inailainisha kidogo wakati wa kuondoka, huku kwenye umeme inafika kwenye shafti moja kwa moja. Pili ni uzito wa betri, kwa van ya namna hiyo betri peke yake inavuka kilo 200 kabla hujapakia krati hata moja. Tatu, na hili ndo watu wanalisahau, ukiachia pedali gari inajivuta yenyewe na kurudisha umeme kwenye betri, maana yake shafti iliyokuwa inasukuma tairi sasa inasukumwa na tairi, gololi zinahamia upande wa pili wa mfereji. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na ukiendelea na barabara ile ya Tukuyu mpaka Kyela unakuta Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, mteremko wote ule sivi jointi inafanya kazi ya breki. Injini ya petroli nayo inashikilia kwenye mteremko lakini sio kwa nguvu hiyo na sio kila unapoinua mguu mjini.

Na kuna hili la usalama ambalo bosi alisikie vizuri. Shafti ikikatika au jointi ikiachana, zile nguvu za mota za kuzuia gari zinapotea hapo hapo, na P, ile gia ya kupaki, nayo haishiki, kwasababu kwenye gari nyingi za namna hii kufuli la P liko ndani ya giaboksi na giaboksi haijaunganika tena na tairi zote mbili, difu, zile gia zinazogawa nguvu kulia na kushoto, inazungusha upande ule uliokatika. Unabaki na breki za mguu na hendibreki. Umepakia maziwa uko kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, sitaki kufikiria.

Tyubu usifunge. Mimi tyubu naiheshimu, tunafungia mizigo, tunafungia mabomba, lakini buti linakunjuka na kukunjika kila mzunguko wa tairi. Tairi la 185/65 R15 linazunguka mara kama 510 kwa kila kilometa, kwahiyo ukitoka Mbeya mpaka Tunduma tu, zaidi ya kilometa 100, ile mikunjo imecheza zaidi ya mara 50,000. Hakuna fundo la tyubu linalokaa hapo, na kibaya zaidi linaficha, unaona pamefungwa unajua pako salama kumbe maji yanapita chini yake.

Na shafti nzima ya mtumba kwa gari isiyo na mlio ni kumwaga hela. Fungua kwanza uone. Jointi yako unajua imetoka wapi na imetembeaje, ya mtumba hujui ilikaa kwenye gari ya nani na buti lake lilichanika lini.

Kazi yenyewe iko hivi. Gari izimwe kabisa, ufunguo ukae mbali na gari, tairi za nyuma weka vizuizi mbele na nyuma na uvute hendibreki, usitegemee P kama nilivyosema maana ukitoa shafti moja tu P imekufa. Jeki iende kwenye sehemu zake zilizowekewa alama pembeni ya bodi. Betri iko chini ya sakafu na kasha lake ndo linaonekana tambarare linavutia kuwekea jeki, usithubutu, ukilibonyeza pale hasara yake ni kubwa kuliko gari nyingi zilizopaki gereji hiyo. Ikishakaa kwenye stendi imara toa tairi, toa pini ya nati ya ekseli au nyoosha pale ilipogongwa, mwenzako akanyage breki ndo ulegeze ile nati. Kuanzia hapo gari isishushwe ikabebwa na tairi hilo, kwasababu beringi ya habu, pale tairi linapofungwa, inabanwa na nati ile, uzito ukiikalia ikiwa imelegea inaharibika na utaanza kusikia mvumo ukadhani ni tairi.

Waya wa ABS, ule wa breki unaosoma mwendo wa tairi, uchomoe kwenye vishikizo vyake usije ukavutika, tairodi endi ya usukani na boljointi ya chini inayoshika habu zitoe kwa pula, sio kwa kugonga nyuzi za bolti mpaka ziote uyoga. Shafti ikigoma kutoka kwenye habu rudishia nati ilingane na ncha yake ndo ugonge kwa nyundo ya shaba, au weka kipande cha mbao katikati. Wapo wanaobadili buti la nje shafti ikiwa imebaki kwenye giaboksi na inawezekana, ila ukivuta kwa nguvu ule upande wa ndani wenye roli tatu unaweza ukachomoka kwenye kikombe chake ndani ya buti lake na wala hutaona, utarudishia gari ikutetemekee barabarani. Mi napenda itoke yote ikae mezani. Ukiitoa, oili ya giaboksi itamwagika, weka beseni safi chini, kagua sili, na unaporudishia weka oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari hiyo na kwa usawa wake, giaboksi ya umeme haina gia nyingi lakini oili inayo na watu wengi hawajui kama ipo. Ukichokoa shafti kwa mtalimbo angalia unaegemea wapi, karibu na hapo kuna mipira ya maji ya kupoza na kuna kebo za rangi ya chungwa, hizo usiziegemee wala kuzisogeza.

Sasa kata buti bovu. Kabla hujafuta kitu chochote, ingiza kidole mpaka ndani kabisa kwenye gololi, chukua ile grisi ya ndani sio ya pembeni, isugue polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa nyeusi bado, inateleza yote, huhisi kitu, basi mchanga haujafika na una bahati. Ukihisi punje, au ukiona imegeuka kahawia, au ukiifungua vidole ukaona vitone vya maji vimejitenga ndani yake, hapo lazima uitoe jointi kwenye shafti, uivunje yote uikague. Piga alama kwa maka penseli kikapu kilivyokaa na chuma cha katikati, inamisha kikapu, toa gololi moja moja na uzipange kwenye trei kwa mpangilio ule ule zirudi mahali pake. Osha kwa mafuta ya taa kisha ukaushe kabisa kwa upepo wa kompresa, mafuta ya taa yakibaki humo yanailegeza grisi mpya. Halafu pitisha ukucha kwenye kila mfereji. Mstari unaong'aa ni wa kawaida, kila jointi iliyotembea unao, ila ukucha ukinasa, kuna shimo au ngazi, au ukiona chuma kimegeuka bluu kwa moto, jointi imekwisha na buti jipya halitaifufua.

Ikipita mtihani wa grisi au wa ukucha tunarudisha. Nunua seti kamili, buti na klipu zake mbili na pakiti ya grisi, nyingi zinakuja na sekilipu mpya, kile kipete kinachofunga jointi kwenye shafti, itumie. Klipu ndogo na buti vinatangulia kwenye shafti kabla ya jointi, na yale meno ya shafti yazungushie selotepu kwanza, ncha zake ni kali zinakwaruza buti kwa ndani na utakuwa umenunua mchaniko mwingine kabla gari haijatoka gereji. Grisi iwe ile ya molibdeni, nyeusi au kijivu iliyokolea, ya kopo ya beringi usiweke hata kama ndo iliyopo, haijatengenezwa kwa msuguano wa gololi zilizobanwa vile na nyingine zinalegeza mpira wa buti. Karibu nusu ya pakiti isukume ndani ya gololi mpaka uione inatokea upande wa pili, iliyobaki iingie kwenye buti, yote, wala usiongeze ya kwako juu. Na buti la ndani lina grisi yake na kipimo chake, ukikuta pakiti mbili usizichanganye.

Gonga jointi iingie mpaka usikie sekilipu imeshika, kisha ivute kwa nguvu kuhakikisha haichomoki. Kaza midomo ya buti kwenye mifereji yake ikiwa mikavu, imefutwa grisi yote, maana juu ya grisi klipu inateleza hata uibane vipi. Kabla ya klipu ndogo kuna jambo moja dogo linaua mabuti mapya, hewa. Nyoosha jointi isiwe imepinda, ingiza bisibisi butu chini ya mdomo mdogo, uinue kidogo, utasikia hewa inapumua na mikunjo itajipanga yenyewe sawasawa, toa bisibisi, bana klipu kwa plaizi yake. Ukiruka hapo buti litakuwa limevimba kama lina mimba au limebonyea upande mmoja, mkunjo uliobonyea unasagana na shafti na hautafika mbali. Klipu za skrubu za mpira wa maji usiweke upande mkubwa, kile kichwa chake kinaning'inia upande mmoja na kinaweza kugusa vitu vya jirani kikizunguka.

Nati ya ekseli weka mpya, kaza kwa toki wrenchi kwa kipimo cha gari yenyewe mwenzako akiwa amekanyaga breki na tairi halijabeba uzito, ile bunduki ya upepo isiwe ya kumalizia. Baada ya siku chache za kazi inama uangalie, ukiona unyevu wa grisi kwenye mdomo mdogo mrudie fundi mapema.

SWALI: Kamwene fundi, mi niko Iringa, Ipogolo, nina van ya umeme pia. Nikikata usukani wote nasikia kama mtu anagonga ka-ka-ka, nikinyoosha inaacha. Juzi nimepanda nayo Kitonga nikitoka bondeni Ruaha Mbuyuni, kwenye zile kona ikawa inagonga sana, na siku hizi nikiachia pedali ghafla nasikia "tok" moja. Buti nimebadilisha mwezi uliopita. Shida nini?

JIBU: Kamwene kaka. Buti ulilobadilisha halina kosa, ulilivalisha jointi iliyokwishakula mchanga. Mlio wa kwenye kona ni jointi ya nje, ile ya upande wa tairi. Ile "tok" ya kuachia pedali ni nafasi iliyozidi, gololi au roli zinahama upande mmoja wa mfereji kwenda mwingine mota inapogeuka kutoka kusukuma kwenda kuzuia, inaweza kuwa jointi hiyo hiyo au ya ndani. Kwenye gari ya petroli ungechelewa sana kuisikia, kwenye umeme ukimya wa mota unakusaidia.

Kabla hujanunua chochote hakikisha sio vitu vingine. Tafuta uwanja mpana usio na watu, kata usukani wote kulia uzunguke polepole, kisha kushoto, fungua kioo usikilize upande gani unagonga, mara nyingi ni ule wa nje ya kona maana ndo umebeba. Pandisha gari ushike tairi juu na chini ulitikise, ikicheza angalia boljointi na beringi. Stabilaiza linki nayo inagonga lakini yenyewe inagonga kwenye matuta hata ukiwa umenyoosha, na nati ya ekseli iliyolegea inatoa "tok" hiyo hiyo ya kuachia pedali kwahiyo kama ulibadilisha buti mwezi uliopita mi ningeanza na kuikagua hiyo nati leo leo.

Ikithibitika ni jointi, nunua jointi ya nje mpya kama inapatikana peke yake, kama haipatikani hapo ndo shafti ya mtumba inaingia, na usikubali kwa kuangalia bodi. Kwasababu NV200 ya petroli na e-NV200 ya umeme zinafanana kwa nje watu wanadhani kila kitu kinaingiliana. Nenda na shafti yako mkononi dukani, linganisha urefu, hesabu meno ya ncha zote mbili, angalia upande ni kulia au kushoto. Kisha ikunje ile jointi ya mtumba mpaka mwisho uizungushe kwa mkono, iwe laini yote bila kukwama popote, na ulivue buti lake uonje grisi kwa vidole kama nilivyomwambia mwenzako wa Uyole.

SWALI: Fundi habari, niko Njombe, nimeona kuna buti linauzwa limechanwa kwa urefu unalizungushia unapaka gundi bila kufungua shafti, na lingine linavutwa linapitishwa juu ya jointi kwa koni ya plastiki. Yapi mazuri kwa van ya kubeba parachichi?

JIBU: Salama ndugu yangu. La gundi liwe la kukufikisha nyumbani. Gundi ile inataka mahali pakavu na pasafi kabisa bila chembe ya grisi, na chini ya gari iliyokwishamwaga grisi huko shambani utapata wapi hapo, halafu baridi ya Njombe ya Juni na Julai asubuhi mpira wowote unakuwa mgumu na ule mshono ndo unaanza kuachia. La kuvutwa kwa koni ni buti zima halina mshono, kwa jointi ya nje sina ugomvi nalo kama mpira wake ni mnene na saizi imekubali, ila bado shafti itatoka kwenye habu na bado hutaweza kuosha ndani vizuri kwasababu jointi haijatolewa. Kwa gari inayoingia mashambani mi ningefanya kazi yote nikaweka buti la kawaida.

SWALI: Mi ni fundi hapa Tukuyu, nimezoea Noah na Probox, nimeletewa van ya umeme nibadili mabuti yote mawili ya mbele. Kusema ukweli naogopa umeme wake. Nikubali au nimwambie apeleke Mbeya mjini?

JIBU: Kubali mdogo wangu, na hiyo hofu ibaki nayo kidogo, inakusaidia. Betri kubwa ya gari hizi ina volti zaidi ya 300, inaua, hilo sio la kupuuza. Ila umeme huo unapita kwenye kebo za rangi ya chungwa na masanduku yenye alama ya radi tu, haupiti kwenye bodi wala kwenye shafti. Kazi yako inaishia kwenye habu, mikono ya chini ya sasipensheni na mdomo wa giaboksi. Hutafungua kasha la betri, hutagusa kiunganishi chochote cha chungwa, na ukikuta kebo ya chungwa imechubuka au imegongwa na jiwe simamisha kazi, gari hiyo apelekewe mwenye mafunzo ya umeme mkubwa. Zima gari, taa ya kuonyesha iko tayari kutembea iwe imezimika kwenye dashibodi, ufunguo mpe mwenyewe akae nao mbali, maana gari hizi hazina mngurumo, mtu anaweza kuingia akabonyeza kitufe wewe uko chini na usijue imewaka. Wengi tunachomoa pia hasi ya betri ndogo ya volti 12.

Shafti zikiwa nje usijaribu mota kuona kama inazunguka, na usitoe zote mbili kwa wakati mmoja, fanya upande mmoja umalize ndo uende wa pili, kwenye baadhi ya giaboksi gia za difu zinaweza kuhama ukitoa pande zote. Mengine yote ni yale yale ya Noah.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina duka la jumla Mafinga, van yangu ya umeme shafti ya kulia imeachana kabisa, kijana wangu anataka kuivuta kwa kamba mpaka Iringa mjini ambako kuna fundi. Ni sawa?

JIBU: Hapana dada yangu, mzuie asubuhi hii hii. Mota za van nyingi za umeme zina sumaku za kudumu ndani yake, tairi likizunguka linazungusha mota na mota inageuka jenereta hata gari ikiwa imezimwa, umeme unaozalishwa hapo unaweza kuunguza vifaa vya kuuongoza ambavyo bei yake hutaki kuisikia. Usijipe moyo kwamba upande mmoja umeshakatika, ile shafti ya kushoto bado imeshika na inaweza kuzungusha vitu vya ndani ya giaboksi, na hicho kipande cha kulia kinachoning'inia kinaweza kupiga mpira wa breki na waya wa ABS njia nzima.

Tafuta gari la kubeba, ipande yote juu, au kama ni breki dauni basi inyanyue kwa mbele tairi zote mbili za mbele ziwe hewani na za nyuma ndo zitembee, kwa van inayovutwa na tairi za mbele hiyo inakubalika. Ikiwa juu ya gari la kubeba ifungwe mikanda na hendibreki ivutwe na vizuizi viwekwe kwenye tairi, P haitaishika. Kile kipande cha shafti mwambie kijana akifunge juu vizuri, na hapa sasa mpira wa tyubu atumie, kisigusane na bomba la breki. Vipande vyote vya jointi vilivyodondoka aviokote aende navyo kwa fundi, vitasaidia kulinganisha spea.